Shajara ya Mradi: Baiskeli Moja ya Kwenda Kazini na ya Mashindano, Mwanza

Jumamosi, 11 Januari 2025

Leo nimenunua fremu. Niliikuta chini kabisa ya rundo la baiskeli za mtumba zilizofika kwa kontena kutoka Uingereza: haina kiti, tairi zake zimeoza hadi nyuzi zinaonekana, na mnyororo umeshikana kwa kutu ukawa kipande kimoja kigumu. Ni Raleigh ya Nottingham, na kwenye bomba lililo chini ya kiti bado kuna kibandiko cha Reynolds 531 kinachosomeka. Kibandiko hicho ndicho kilichonifanya nisivutane sana na muuzaji juu ya bei. Chuma cha 531, chenye mchanganyiko wa manganizi na molibdeni, kilitolewa na kiwanda cha Reynolds cha Birmingham mwaka 1935, na kwa miongo mingi kilitumiwa kuunda baiskeli za mashindano za Ulaya. Bomba zake ni nene kwenye ncha, pale zinapoungwa, na nyembamba katikati, ndiyo maana fremu hii ni nyepesi mkononi kuliko inavyoonekana kwa macho.

Haja yangu ni hii. Kutoka nyumbani Buhongwa hadi shuleni ninakofundisha fizikia, katikati ya jiji, ni takriban kilomita 14, ambazo kwa miaka sita nimezipita ndani ya daladala, mara nyingi nikiwa nimesimama. Jumapili wapo vijana na watu wazima wa huku kwetu wanaokimbiza baiskeli kwenye barabara ya Shinyanga, nami nataka kukimbia nao, kwa kuwa Usukumani mbio za baiskeli ni jambo la heshima na nimekuwa mtazamaji kwa muda mrefu mno. Sina uwezo wa kununua baiskeli mbili, wala nyumba yangu haina mahali pa kuziweka. Nahitaji moja itakayonifikisha kazini katika masika na vuli bila kunichafua suruali, kisha Jumapili ivuliwe madigadi na keria, iweze kukaa ndani ya kundi linalokwenda kasi.

Nimekwisha kuamua jambo moja ambalo mengine yote yatalifuata, nalo ni nafasi iliyopo kati ya tairi na fremu. Baiskeli nyingi za mashindano zinazofika hapa kwa bei ya watu wa kawaida hazipokei tairi pana kuliko milimita 25, na madigadi hayaingii kabisa. Gia hubadilishwa na uzito hupunguzwa baadaye, lakini nafasi aliyoiacha aliyeunga fremu ndiyo hiyo hiyo. Fremu hii iliundwa kwa ajili ya tairi za inchi 27, na hapo ndipo matumaini yangu yalipo.

Jumapili, 19 Januari 2025

Wiki nzima imekwenda katika jambo ambalo sikulipangia hata saa moja. Nguzo ya kiti, ambayo ni ya aluminiamu, imegandana na bomba la chuma. Metali hizi mbili zikikaa pamoja kwenye unyevu bila grisi, aluminiamu huliwa, na uchafu wake mweupe huvimba ukajaza nafasi yote iliyokuwapo kati yao. Tangu Jumanne nimekuwa nikitia mafuta ya kulegezea kutu asubuhi na jioni, na kila jioni nimevuta bila mafanikio yoyote.

Fundi wa Mkuyuni ninayeshirikiana naye, mzee ambaye ametengeneza baiskeli tangu nikiwa mtoto, alitaka kupasha moto. Nilimwomba kwa heshima tusubiri kwanza. Aluminiamu hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo moto ungeifanya nguzo ibane zaidi ndani ya bomba. Tulichohitaji ni baridi.

«Sasa baridi utaitoa wapi, Mwalimu?» aliniuliza.

«Kwa wauza samaki, Mzee.»

Jumamosi asubuhi nilinunua ndoo ya barafu iliyopondwa, ile wanayofunikia sangara. Tuliigeuza fremu juu chini, tukaibana nguzo kwenye jiriwa, tukaizungushia barafu kwa gunia kwa muda wa nusu saa. Nilipiga hesabu kwa udadisi: kwa kipenyo cha milimita 27.2 na baridi ya nyuzi 25 chini ya kawaida, aluminiamu hunywea kuliko chuma kwa chini ya sehemu moja ya mia ya milimita. Ni kidogo sana, lakini ilitosha kuuvunja ule ugando. Tuliishika fremu kama usukani wa lori, mmoja mbele na mwingine nyuma, tukaizungusha; ukasikika mlio mkali kama wa bati linalopasuka, kisha nguzo ikaanza kugeuka. Ilichukua dakika nyingine ishirini kuitoa yote. Sasa ninaweza kupima ndani ya bomba, na bomba ni zima.

Jumamosi, 25 Januari 2025

Siku ya vipimo. Rimu ya zamani ya inchi 27 ina kipenyo cha milimita 630 pale tairi linapokaa, na rimu ya 700C, ambayo ndiyo ya baiskeli nyingi za mashindano za leo, ina 622. Tofauti ni milimita 8, maana yake kila upande unapata milimita 4 zaidi. Kwa maneno mengine, nikiweka magurudumu ya 700C ndani ya fremu hii napata nafasi ambayo muundaji wake hakuikusudia, na nafasi hiyo ndiyo itakayoingia madigadi.

Kuna gharama yake: breki nazo lazima zifike chini zaidi kwa milimita 4 hizo hizo. Kutoka tundu la bolti ya breki hadi katikati ya ukuta wa rimu ya zamani nilipata milimita 47 mbele na 50 nyuma, kwa hiyo kwa rimu mpya zitakuwa 51 na 54. Breki fupi za mashindano, ambazo hufika 39 hadi 49, hazifai hata kwa kulazimisha. Zinazofaa ni zile za 47 hadi 57. Nimeagiza jozi moja kutoka Dar es Salaam. Breki hizi hufungwa kwa nati ndefu inayozama ndani, wakati fremu za zamani zilitoboliwa kwa bolti ya milimita 6 peke yake. Kwa hiyo itabidi nipanue tundu la upande wa nyuma wa uma wa mbele hadi milimita 8, na vivyo hivyo kwenye kipande kinachounganisha bomba mbili za nyuma, bila kugusa tundu la upande wa pili.

Nilifikiri kwa makini juu ya breki za diski. Shirikisho la mchezo wa baiskeli duniani, UCI, liliziruhusu rasmi katika mbio za barabarani kuanzia Julai 2018, na kwenye mvua hazina mpinzani. Lakini uma wa fremu hii ni mwembamba na haukuundwa kubeba nguvu ya diski inayovuta mguu mmoja peke yake. Kuunganishia kishikizo cha diski hapo ni kuharibu kitu kizuri na kuhatarisha meno yangu.

Jumamosi, 1 Februari 2025

Jambo fupi, lakini lingeweza kuniharibia mradi. Raleigh nyingi za Nottingham zilitumia uzi wao wenyewe kwenye gamba linaloshika ekseli ya krenki, ile inayozungushwa na pedali, nyuzi 26 kwa kila inchi, badala ya 24 za kawaida ya Kiingereza. Kama yangu ingekuwa ya 26, ekseli za kisasa za kufungia ndani zisingeingia. Nilihesabu uzi kwa kipimo mara tatu: ni 24, na upana wa gamba ni milimita 68. Nilishukuru kwa sauti.

Katika kufungua, nilikosea. Bakuli la gololi lililo upande wa kulia wa gamba hilo lina uzi wa kinyume, hufunguliwa kwa kuzungushwa kama mtu anayekaza nati ya kawaida, nami hilo nalijua vizuri. Lakini fremu ilikuwa imegeuzwa juu chini, nikachanganya pande, nikakaza kwa nguvu zangu zote kwa robo saa nikidhani nafungua. Hakuna kilichovunjika. Tangu sasa naandika kwa chaki mshale wa mwelekeo kwenye chuma chenyewe kabla sijashika spana.

Jumapili, 9 Februari 2025

Kazi ya wikiendi hii ndiyo niliyoiogopa kuliko zote. Fremu ina nafasi ya milimita 126 kati ya makucha yanayoshika ekseli ya nyuma, kwa sababu enzi zake gia za nyuma zilikuwa sita au saba. Habu (kitovu cha gurudumu) niliyonayo, ya gia nane, inataka 130. Fremu ya chuma hukubali kupanuliwa ikiwa baridi. Ya aluminiamu au ya kaboni haijaribiwi kabisa, kwa kuwa huvunjika.

Tulitumia nondo yenye uzi ya milimita 10, ambayo inakaa sawasawa ndani ya makucha, pamoja na nati mbili na washa pana zinazosukuma kutoka ndani kwenda nje. Chuma hurudi. Tulipopanua hadi 140 kisha tukalegeza, kilirudi 126 kamili kana kwamba hatukukigusa. Tulipofika 146, kikabaki 127. Mzee alinishika mkono nilipotaka kwenda moja kwa moja hadi 155.

«Usivute mara moja, Mwalimu. Vuta, legeza, pima. Chuma kikishapita hakirudishwi.»

Tulipofika 150 na kulegeza, kipimo cha venia kilionyesha 128. Hapo tukasimama ili kupima ulinganifu, na ninalieleza hili kwa kirefu kwa sababu nimeona watu wakiliruka na baiskeli zao zikawa zinavuta upande mmoja kwa maisha yake yote. Unafunga uzi mwembamba wa kushonea viatu kwenye ukucha mmoja wa nyuma, unaupeleka mbele, unauzungusha kwenye bomba la shingo, unaurudisha hadi ukucha wa pili na kuukaza hadi unalia ukiupiga kwa kidole. Kisha unapima umbali kutoka uzi hadi bomba lililo chini ya kiti, kulia na kushoto. Nilipata milimita 37 kulia na 35 na nusu kushoto. Maana yake ilikuwa wazi: upande wa kulia ulikuwa umesogea milimita zote mbili, na wa kushoto haukusogea hata kidogo. Nondo husukuma pande zote kwa nguvu ileile, lakini haijui upande upi ni laini zaidi.

Tuliondoa nondo. Mzee alipitisha kipande cha mninga kati ya bomba mbili za nyuma, akakiegemeza kwenye gamba la krenki kupitia kitambaa kilichokunjwa, akausukuma upande wa kushoto peke yake, polepole, mara nne, tukipima kila mara. Mara ya nne tulipata milimita 130 kati ya makucha na 37 pande zote mbili za uzi. Nilipima mara mbili zaidi, kisha nikampa Mzee naye apime, naye akapata vilevile. Makucha yenyewe tuliyaweka sambamba tena kwa spana kubwa.

Jumamosi, 1 Machi 2025

Magurudumu yamekamilika, na ninaona hii ndiyo sehemu ya mradi inayostahili fedha na saa nyingi kuliko zote. Nilichagua rimu za aluminiamu za kuta mbili zenye matundu 36. Rimu za chuma zilizopakwa kromiamu, kama zile za baiskeli nyingi za mizigo, hupoteza sehemu kubwa ya nguvu ya breki zikilowa, na mtu anayeshuka kilima na mvua hana nafasi ya kujifunza jambo hilo. Spoki 36 huongeza uzito kidogo kuliko 24 au 28 za magurudumu ya mashindano, lakini moja ikikatika njiani gurudumu halipindi kiasi cha kukwama kwenye breki.

Urefu wa spoki niliutoa kwa hesabu, na nikaipeleka hesabu hiyo darasani kidato cha nne, kwa sababu ni kanuni ya kosaini iliyovaa nguo za kazi. Kwa spoki 36, kila upande una matundu 18 kwenye habu, na nikisuka kwa mtindo wa spoki kukatiza nyingine tatu, pembe kati ya tundu la habu na tundu la rimu ni mara tatu ya nyuzi 20, yaani nyuzi 60, ambayo kosaini yake ni nusu. Nusukipenyo cha rimu pale spoki inapoishia ni milimita 301, na cha habu ni 22.5. Umbali wa ubavu wa habu kutoka katikati ya gurudumu ni milimita 18 kulia, kwa kuwa gia zimechukua nafasi, na 36 kushoto. Wanafunzi walipata 289.7 kwa kulia na 291.4 kwa kushoto, baada ya kutoa nusu ya kipenyo cha tundu. Nikaagiza 290 na 291, zikaja kwa basi zikiwa zimefungwa ndani ya bomba la plastiki. Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama kweli mtu huhitaji hesabu hii maishani, nikamwalika aje Jumamosi aone. Alikuja, akasuka gurudumu la mbele pamoja nami.

Gurudumu la nyuma lilinichukua saa sita. Kwa sababu ubavu wa kulia uko karibu na katikati, spoki zake lazima zikazwe zaidi ya za kushoto ili rimu ikae katikati ya fremu. Unazigonga kwa kucha na kusikiliza: za upande mmoja zinapaswa kutoa sauti moja, na ile inayolia chini ya wenzake imelegea hata kama jicho halioni. Baada ya kunyoosha, nilizishika spoki mbili mbili zilizo sambamba na kuzibana kwa viganja kwa nguvu, nikizunguka gurudumu lote, ili vichwa vyake vikae vizuri kwenye habu. Zililia na kutulia. Nikanyoosha tena, nikazibana tena, hadi zikanyamaza. Rimu sasa inakwenda kushoto na kulia chini ya nusu milimita.

Jumamosi, 8 Machi 2025

Gia. Nimebaki na gia nane nyuma kwa kusudi. Mnyororo wa gia sita, saba na nane ni uleule, nao unapatikana katika maduka ya vipuri hapa Mwanza. Tena nafasi kati ya vipande vya gia nane vya Shimano ni sawa kwa baiskeli za barabarani na za milimani, kwa hiyo siku yoyote naweza kutoa seti ya gia kwenye baiskeli ya mtumba ya milimani nikaendelea na safari. Gia kumi na moja au kumi na mbili zingenifurahisha siku ya kwanza, kisha zikanifunga kwa mtu wa Dar es Salaam.

Mbele nimeweka meno 50 na 34, nyuma 11 hadi 28. Kwa gia nyepesi kabisa, mzunguko mmoja wa pedali unasogeza baiskeli mita 2.6, kwa nzito kabisa ni karibu mita 9.8, ambayo kwa mizunguko 90 kwa dakika ni zaidi ya kilomita 52 kwa saa. Sijapata kukimbia kasi hiyo isipokuwa mteremkoni, kwa hiyo inatosha. Vibadili gia ni vya mkono mdogo kwenye bomba la chini, visivyo na vituo, ambavyo hutegemea sikio na kidole cha mwendeshaji. Usukani wa pembe, kiti na pedali vimetoka katika baiskeli tatu tofauti na havina la kusimulia.

Jumamosi, 22 Machi 2025

Mvua zimeanza, nami namalizia ulinzi dhidi ya maji. Ndani ya bomba zote nimemimina mafuta yaliyochanganywa na nta iliyoyeyushwa, nikaigeuza fremu huku na huku hadi yakapaka kila mahali, kisha nikayaacha yachuruzike. Chini ya gamba la krenki kulikuwa na tundu dogo la kutolea maji, ambalo mtu fulani alilijaza rangi, nimelizibua. Maji huingia ndani ya fremu kutokea kwenye kiti, hushuka hadi hapo, na yasipopata njia hukaa kwenye gololi hadi ziote kutu. Kila bolti imepata grisi, na nguzo mpya ya kiti imepata grisi nyingi kuliko zote.

Madigadi ni marefu, ya plastiki. Chini ya digadi la mbele nimeongeza ulimi niliokata kwenye dumu la mafuta ya kula, unaoshuka hadi karibu sentimita kumi kutoka chini. Ulimi huo ndio unaokinga viatu na mnyororo. Digadi lisilo nao humkinga aliye nyuma na kumlowesha mwenye baiskeli. Tairi za kazini ni za milimita 32, na kati ya tairi na digadi kimebaki kiasi cha upana wa kidole changu kidogo. Zile milimita 4 zimepata kazi yake.

Ijumaa, 11 Aprili 2025

Wiki ya pili ya kwenda kazini, na kati ya siku kumi mvua imeninyeshea siku saba. Natoka saa kumi na mbili kasorobo, nafika shuleni saa moja kasoro dakika kumi, nikiwa na muda wa kubadili shati. Suruali imebaki safi siku zote isipokuwa Jumanne, nilipopita kwenye dimbwi la Igogo lililonifikia pedali. Tairi ninazijaza pauni 60 mbele na 65 nyuma, na kwenye lami iliyochimbika zinatulia kiasi kwamba sioni tena sababu ya kuzikwepa nyufa ndogo.

Breki zinahitaji kueleweka. Rimu ikiwa imelowa, mzunguko wa kwanza au wa pili wa gurudumu hutumika kufuta maji tu, kisha ndipo breki hushika. Nimejizoeza kugusa breki kidogo kabla ya kila makutano, mapema, nikizikausha. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mchanga. Vilima vyetu ni vya mawe ya itale, na mawe hayo yanapomomonyoka hutoa punje kali ambazo mvua huzishusha hadi barabarani. Punje hizo ni ngumu kuliko aluminiamu, hujichoma kwenye mipira ya breki na kuikwangua rimu kila mara unapobana. Jana jioni nilitoa kwenye mpira mmoja, kwa ncha ya sindano, punje sita zinazong'aa pamoja na vipande vitatu vya aluminiamu vilivyong'olewa kwenye rimu yangu mwenyewe. Tangu leo naosha rimu kwa kitambaa na maji kila jioni yenye mvua, na mipira naikagua kila Ijumaa.

Jumapili, 1 Juni 2025

Leo nimekimbia na kundi kwa mara ya kwanza. Jana jioni nilivua madigadi, keria na taa, nikabadili tairi kuwa za milimita 28 zenye pauni 78. Kazi yote ilichukua dakika 50, ambayo nyingi ni tairi. Kwenye mizani baiskeli ilikuwa kilo 10.2, na ikiwa na mavazi yake ya kazini ni 11.9. Kiwango cha chini cha UCI katika mbio ni kilo 6.8, kwa hiyo nabeba kilo 3.4 zaidi ya baiskeli nyepesi inayoruhusiwa. Kwa mwili wangu wa kilo 75, hiyo ni nyongeza ya asilimia 4 hivi juu ya uzito wote, maana yake kilima cha dakika kumi kinanigharimu sekunde kama 25. Kwenye tambarare, ambako adui ni upepo, tofauti hiyo haionekani.

Tulikuwa 21, kutoka Buhongwa hadi Misungwi na kurudi, zaidi ya kilomita 50. Watano walikuwa na baiskeli za kawaida za gia moja, Phoenix zilizovuliwa keria, na mmoja wao, baba wa makamo mwenye miguu kama ya mchezaji wa ngoma, alituongoza tambarare yote ya kwenda. Baada ya Usagara nilikuwa bado katikati ya kundi, nikipumua vizuri, na baiskeli ilikuwa kimya. Hicho ndicho nilichokisikiliza zaidi, ukimya wa mnyororo na wa breki kati ya kelele za wenzangu. Wakati wa kurudi, kwenye kilima, wanne waliongeza kasi ghafla. Niliondoa mkono kwenye usukani kutafuta gia, kibadili kikapita gia moja hadi nyingine, pedali ikazunguka bure nusu mzunguko, na nilipopata gia sahihi walikuwa mita 30 mbele. Sikuwapata tena. Nilimaliza wa tisa.

Hapo ndipo mahali pekee ambapo baiskeli ya kazini imeigharimu ya mashindano, na ninaukubali ukweli huo. Vibadili vya bomba la chini havijawahi kunisumbua hata asubuhi moja ya matope, lakini ndani ya kundi mkono haupaswi kuondoka kwenye usukani. Nitatafuta vibadili vinavyofungwa kwenye ncha za usukani, ambavyo vinaweza kutumia waya wa aina ileile na kubaki bila vituo.

Jumamosi, 7 Juni 2025

Shule imefungwa, na nimeitumia siku kupima baada ya takriban kilomita 1,100. Pingili 24 za mnyororo mpya ni milimita 304.8, wangu sasa ni 305.8. Nitaubadili ukifika 306.3, kabla haujaanza kuyala meno. Gurudumu la nyuma halijatoka kwenye mstari, na spoki zote zinalia sauti ile ile ya Machi. Makucha ya nyuma bado ni 130. Nilipoweka ncha ya rula juu ya uso wa rimu ya mbele na kuishika kuelekea dirishani, mwanga mwembamba kama unywele ulipita katikati: mchanga umeanza kuichimba. Ina maisha mengi bado, lakini nimeagiza rimu moja ya akiba ya aina ileile, ili siku ikifika spoki zilezile zitumike.

Habu ya nyuma inakwaruza kidogo ninapoizungusha kwa vidole. Nimefungua upande wa kushoto, na grisi iliyotoka ina rangi ya chai ya maziwa, maana yake maji yameingia. Gololi 18 za robo inchi, tisa kwa kila upande, ziko mezani. Jumatatu asubuhi nitasafisha bakuli kwa mafuta ya taa, nipake grisi ya baharini ambayo Mzee ameniahidi, ile wanayotumia kwenye injini za mitumbwi, kisha nikaze koni zinazobana gololi hadi ule mchezo wa ekseli uishe pale tu gurudumu linapobanwa ndani ya fremu.